Jinsi ya Kuwa Mtunzi na Mchoraji wa Vitabu vya Katuni Ukiwa Dodoma

Kijana anayetaka kuishi kwa kutunga na kuchora vitabu vya katuni huambiwa kwanza anunue vifaa, kisha ajifunze kuchora, kisha ahamie Dar es Salaam. Mwongozo huu unashauri utaratibu mwingine: anza kwa kuandika, maliza hadithi fupi moja mpaka iwe kijitabu mkononi mwa msomaji, na ubaki Dodoma hadi utakapokuwa na sababu ya msingi ya kuondoka. Mikono yenye kipaji cha kuchora si haba katika mkoa huu. Utaiona kwenye mabango ya saluni za Chang'ombe, kwenye kuta za maduka ya Majengo na kwenye migongo ya bajaji. Walio wachache ni wale wanaoweza kuibeba hadithi kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho bila msomaji kupotea njiani, na hao ndio wanaotafutwa.

Nchini Marekani, kitabu cha katuni kinachotoka kila mwezi kwa kawaida hupita mikononi mwa watu wengi: mtunzi, mchoraji wa penseli, mpiga wino, mtia rangi na mwandikaji wa herufi. Kwetu mchora katuni mara nyingi amefanya yote hayo peke yake. Christian Gregory alimpa msomaji wa gazeti la Uhuru mhusika Chakubanga, na jarida la Sani likawapa wasomaji wake kina Madenge na Ndumilakuwili, watu wa kubuni ambao vizazi viwili vimewazungumzia kana kwamba ni majirani. Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kama Gado, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akajiunga na magazeti ya Nation jijini Nairobi mwaka 1992, na kutoka hapo kazi yake ikajulikana mbali. Katika mifano ya Uhuru na Sani kuna jambo la kuzingatia kwa mtu anayeanza: msomaji humrudia mhusika anayemfahamu. Kwa hiyo, hata unapotunga hadithi fupi kabisa, buni mhusika ambaye utaweza kumtumia tena.

Andika kana kwamba atachora mtu mwingine

Anayetunga na kuchora mwenyewe ana hatari moja kubwa, nayo ni kuiacha hadithi ifuate udhaifu wa mkono wake. Asiyeweza kuchora ng'ombe akikimbia atakwepa mnada. Asiyeweza kuchora umati atafanya harusi ya watu wawili chumbani. Dawa yake ni kutenganisha nyakati. Wakati wa kutunga, andika mswada kamili kwa maneno, kisanduku kwa kisanduku, kana kwamba utampelekea mchoraji hodari asiyeshindwa na kitu. Utakapofika wakati wa kuchora, itakubidi ujifunze kumchora yule ng'ombe, na hivyo ndivyo mkono unavyokua.

Hadithi ya kwanza iwe ya kurasa 8. Kabla ya mswada, eleza kwa sentensi moja nani anataka nini na nini kinamzuia. Tuchukue mfano tutakaotembea nao: Chiku, binti wa kijiji cha Mvumi, anamtafuta mbuzi wa babu yake kabla jua halijazama, bila kujua kwamba mbuzi huyo hakupotea, bali babu mwenyewe anampeleka mnadani ili amnunulie mjukuu wake sare za shule. Sentensi hiyo ina mtu, ina haja, ina kizuizi, na ina siri itakayobadilisha maana ya yote tuliyokwisha kuyaona. Ukurasa wa tatu wa mswada wake ungeweza kuandikwa hivi:

Ukurasa wa 3. Visanduku vinne.
Kisanduku cha 1: Kinachukua upana wote wa ukurasa. Korongo la mchanga lililokauka, saa sita mchana. Chiku anaonekana mdogo katikati, kivuli chake kimejikusanya miguuni. Hakuna maneno.
Kisanduku cha 2: Kwa karibu sana. Alama za kwato kwenye mchanga, na kando yake alama za katambuga. Hakuna maneno.
Kisanduku cha 3: Uso wa Chiku, ameinama. CHIKU: Hakuwa peke yake.
Kisanduku cha 4: Chiku amesimama, anatazama mbele, nje ya kisanduku. SAUTI: Meee! CHIKU: Babu?

Tazama kisanduku cha pili. Mtunzi mwenye haraka angeweka maneno ya Chiku akisema kwamba ameona alama za mbuzi na za viatu vya matairi, na kwa kufanya hivyo angemnyang'anya msomaji furaha ya kugundua mwenyewe. Maneno yanayorudia kile kinachoonekana hayana kazi, yafute. Neno libaki pale tu linapoongeza jambo ambalo picha haiwezi kulisema, kama vile wasiwasi ulio ndani ya swali "Babu?".

Tazama pia mahali ukurasa unapoishia. Katika kijitabu, kurasa za namba witiri huwa upande wa kulia, kwa hiyo baada ya ukurasa wa tatu msomaji hulazimika kufunua karatasi. Swali la Chiku linakaa kwenye kisanduku cha mwisho cha upande wa kulia, na jibu linakuja juu ya ukurasa wa nne, baada ya kufunua. Ukiliweka jibu kwenye ukurasa wa tano, jicho la msomaji litaliona mara tu atakapofungua ukurasa wa nne, na mshangao utakuwa umekwisha kabla ya kuanza. Panga siri zako zifichuke kwenye kurasa za namba shufwa. Ni kanuni ndogo isiyogharimu chochote, na ndiyo inayomfanya mtu asome kijitabu chote akiwa amesimama kwenye foleni.

Mazungumzo yaandikwe kama watu wa hapa wanavyozungumza. Mtoto wa Mvumi hamwiti babu yake kwa jina, na wala haanzi mazungumzo na mzee bila shikamoo. Mzee wa Kigogo anaweza kumpokea mgeni kwa "mbukwenyi" na msomaji wa Kanda ya Kati akatabasamu. Sauti nazo zitoke kwenye tanakali zetu. Kitu kizito kinaanguka puu, jiwe linatumbukia majini chubwi, kijiti kinavunjika kacha. Mchora katuni wa Kiswahili ana hazina kubwa hapa, na nasikitika kila ninapoona ukurasa mzuri uliochorwa Tanzania ukiwa umejazwa milio ya kuazima.

Kutoka mswada hadi ukurasa

Chukua karatasi ya A4, ikunje ipate sehemu nane, na katika kila sehemu chora ukurasa mmoja kwa vijiti na mviringo tu. Hadithi yote itaonekana kwa mtazamo mmoja. Kisha mpe mtu ambaye hajasikia lolote kuhusu hadithi hiyo, umwombe aisome kwa kidole huku wewe ukiwa kimya. Kidole kinaposita, au kinaporudi nyuma, hapo mpangilio wa visanduku una kasoro, na ni nafuu kuirekebisha sasa kuliko baada ya wino. Kasoro ya kawaida ni kuweka visanduku viwili vilivyopandana upande wa kushoto na kimoja kirefu upande wa kulia: baadhi ya wasomaji hushuka chini, wengine huruka kwenda kile kirefu, na mazungumzo yanavurugika. Kile kirefu kikiwa kushoto, tatizo hilo huondoka.

Puto la maneno linasomwa kwa utaratibu uleule wa kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini. Kwa hiyo anayeanza kusema akae kushoto, na ikiwa hadithi inamlazimu akae kulia, puto lake lipande juu kuliko la mwenzake. Andika maneno kwa penseli kabla ya kuchora watu, kwa sababu maneno ya Kiswahili ni marefu. Kitenzi kimoja kama "hawakutuambia" kinaweza kujaza mstari mzima wa puto jembamba. Chora maputo mapana, ukate maneno kwenye mpaka wa silabi pale inapobidi kabisa, na usizidishe takribani maneno 15 kwa puto moja. Kama unachora kwenye A4 na utachapa kwa A5, kila kitu kitapungua hadi takribani asilimia 71 ya urefu wake, maana yake herufi ya milimita 4 itachapwa ikiwa na chini kidogo ya milimita 3. Chini ya hapo mzee mwenye macho yaliyochoka hataweza kuisoma.

Vifaa visikusumbue. Penseli ya HB, kifutio, rula, kalamu mbili tatu za wino usiofutika kwa maji na karatasi nzito kiasi vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ofisi katikati ya jiji. Mwenye kompyuta anaweza kutumia Krita, ambayo ni programu ya bure, na mwenye simu janja pekee anaweza kufika mbali kwa ibisPaint. Rangi zisubiri. Kitabu cha rangi nyeusi na nyeupe kinachapika kwa bei ndogo, na kinakufundisha kupanga giza na mwanga, jambo ambalo rangi huwa zinalificha.

Katika jambo hilo la mwanga, Dodoma ni darasa zuri mno. Kuanzia Juni hadi Novemba anga huwa wazi kwa siku nyingi, jua ni kali, na vivuli hukatika kwa ukingo mkali kama uliopigwa kwa wembe. Nenda na daftari mchana, ukachore majabali ya mawe yanayozunguka jiji, ukijaza wino mweusi kila penye kivuli na kuacha karatasi tupu kila penye jua, bila kijivu cha katikati. Chora mibuyu wakati haina majani, kwa maana matawi yake yote huonekana. Kachore mashamba ya zabibu ya Hombolo na Makutupora, na vijijini utafute nyumba ya tembe, yenye paa bapa la udongo lililobebwa na nguzo, uichore kwa ndani na kwa nje na kuandika pembeni jina la kila sehemu kama mwenye nyumba anavyoiita. Omba ruhusa kwanza, na uwaoneshe wenyeji ulichokichora kabla hujaondoka. Daftari la namna hii litakuepusha na ugonjwa wa kuchora mitaa na nyumba za nchi ambayo hujawahi kuiona, ugonjwa unaowapata wengi waliojifunza kwa kunakili katuni za Marekani na Japani.

Fanya pia kila jitihada ufike Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu ya kwenda Babati. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na eneo hilo lina mapango na vibanda vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro. Ripoti katika ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kolo ili uongozwe, wala usiiguse michoro wala kuimwagia maji. Tazama watu wale warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu: hawana macho wala midomo, lakini unamjua aliyeinama, unamjua aliyeshika kitu, na kichwa chenye nywele nyingi kinamtofautisha mmoja na mwingine. Mchora katuni ana jaribio lilelile. Mjaze mhusika wako wino mweusi mwili mzima. Kama bado anatambulika kwa umbo la kichwa, bega na mkao wake, basi amekamilika. Kama Chiku na shangazi yake wanafanana wakiwa vivuli, rudi ubadilishe mavazi, urefu au mwendo wa mmojawapo.

Wakati wa kupiga wino, hewa kavu ya huku ina tabia zake. Wino hukauka kwenye ncha ya kalamu ya kuchovya katikati ya mstari, kwa hiyo weka kitambaa chenye unyevu karibu na uifute ncha mara kwa mara. Vumbi ni adui mkubwa zaidi, hasa upepo unapovuma. Chembe moja kwenye kioo cha skana huwa doa kwenye kila ukurasa, nawe hulioni mpaka kazi itoke mtamboni. Futa kioo kwa kitambaa laini na kikavu kabla ya kila ukurasa. Skani michoro ya wino kwa nukta 600 kwa inchi. Ukurasa wa A4 utakuwa na takribani pikseli 4,961 kwa 7,016, na mistari itabaki mikali ikichapwa.

Kuchapa na kuuza

Idadi ya kurasa za kijitabu kinachoshonwa kwa pini lazima igawanyike kwa nne. Kurasa 8 za A5 zinatoka kwenye karatasi mbili za A4 zilizokunjwa katikati. Kanuni ya kupanga ni kwamba namba za kurasa mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi zijumlishwe zipate 9: ukurasa wa 8 na wa 1 upande wa nje wa karatasi ya kwanza, 2 na 7 nyuma yake, 6 na 3 kwenye karatasi ya pili, na 4 na 5 katikati. Tengeneza mfano mmoja kwa mkono, uukunje na kuusoma, ndipo upeleke faili kwa mchapaji. Mchoro unaofika ukingoni mwa karatasi uzidishwe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, na maneno yote yakae mbali na mstari huo, yasiingie kwenye pambizo.

Hesabu bei kabla ya kuchapa. Tuseme mchapaji anataka shilingi 200,000 kwa nakala 200. Kila nakala imekugharimu shilingi 1,000. Muuzaji atataka sehemu yake, na nakala kadhaa zitagawiwa bure au kuharibika. Ukiuza kwa shilingi 1,500 kupitia duka, umefanya kazi ya wiki kadhaa kwa faida isiyotosha nauli. Ama ongeza bei, ama uza mwenyewe kwa mkono kwenye viwanja vya vyuo, katika maonesho ya Nanenane pale Nzuguni, au Chamwino wakati wa tamasha la muziki wa Cigogo. Mtandaoni weka kurasa mbili tatu za mwanzo, uishie kwenye swali.

Kwa kitabu kitakachoingia madukani, omba namba ya ISBN kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Hakimiliki na kazi za taasisi

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi yako inalindwa tangu inapowekwa kwenye karatasi, na ulinzi huo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Hata hivyo, kuisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kunakupa ushahidi wa maandishi endapo mtu atamchukua Chiku na kumweka kwenye fulana zake. Jisajili pia kama msanii BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na upate namba ya mlipakodi kutoka TRA, kwa sababu taasisi nyingi hazitakulipa bila namba hiyo.

Taasisi ndizo zitakazolipa kodi ya nyumba yako katika miaka ya mwanzo, na kwa hilo Dodoma ina nafasi ya pekee. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku kwa kishindo mwaka 2016, wizara zipo Mtumba, na mashirika yanayoshughulika na afya, lishe, kilimo na maji yamefuata. Vijitabu vya katuni ni njia wanayoielewa. Huko Kenya, katuni ya Shujaaz ilianza mwaka 2010 kwa kuwapelekea vijana elimu ya namna hiyo ikiwa imevikwa hadithi. Usiende na barua ya maombi tupu. Nenda na kijitabu chako cha kurasa 8 na ukurasa mmoja wa mfano unaohusu jambo lao. Zabuni za Serikali hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma, na vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vimetengewa sehemu katika manunuzi ya umma. Wachoraji kadhaa wanaweza kuunda kikundi, wakakisajili kupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, wakafikiria pia mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo vijana hutengewa asilimia 4, wanawake 4 na watu wenye ulemavu 2.

Katika kazi hizo, ulipwe kwa awamu: sehemu kabla ya kuanza, sehemu baada ya michoro ya penseli kukubaliwa, na salio kabla ya kukabidhi faili la mwisho. Mabadiliko ya hadithi yaombwe wakati wa mswada na wa penseli. Baada ya wino, kila badiliko liwe na bei yake, nayo iandikwe. Soma kwa makini kipengele cha haki. Kumruhusu mteja achapishe kijitabu kwa idadi na muda fulani ni jambo moja, na kumhamishia hakimiliki yote, pamoja na mhusika, ni jambo jingine linalostahili malipo makubwa zaidi. Kwa mhusika uliyembuni kabla ya mteja kuja, mimi ninashauri usihamishe kamwe; mwazime kwa leseni, au mbunie mteja mhusika wake mpya. Kurasa halisi za karatasi nazo zibaki kwako hata pale haki ya kuchapa imelipiwa: mteja akabidhiwe faili la kidijitali, na jambo hilo liandikwe kwenye mkataba kabla hujapokea malipo ya awali.